Barua ya wazi kwa wanaosimamia afya ya msingi: anayeuguza naye aulizwe

Waheshimiwa mnaopanga, mnaogharimia na mnaosimamia huduma za afya ya msingi,

Ninawaandikia juu ya mtu anayeingia kila siku katika vyumba vyenu vya matibabu na kutoka bila jina lake kubaki popote. Ndiye aliyemshika mgonjwa mkono kuanzia mapokezi. Mgonjwa akisahau homa ilianza lini, yeye anakumbuka. Anajua dawa ipi inamtapisha na ipi huificha chini ya ulimi kisha akaitema. Anaulizwa, "Wewe ni nani yake?" Anajibu, na mazungumzo yanarudi kwa mgonjwa. Akitoka ana dawa za mgonjwa, maelekezo ya mgonjwa na tarehe ya mgonjwa kurudi. Yeye mwenyewe hajaulizwa kitu.

Mimi ni mmoja wa watu hao. Ninamuuguza baba yangu tangu alipopata kiharusi. Sina mhudumu wa kumshitaki. Wengi tuliokutana nao ni watu wema wanaofuata utaratibu waliopewa, na utaratibu huo haumjui ndugu wa mgonjwa isipokuwa kama mtu wa kutumwa: kalete, kanunue, mshike, subiri nje. Ninyi ndio mnaoweza kuubadilisha. Ombi langu ni kwamba kituo cha afya cha ngazi ya kwanza kiwajibike kumtambua anayeuguza, kumuuliza anahitaji nini, kuandika alichosema, na kumuuliza tena hali inapobadilika.

Nimetaja ngazi ya kwanza kwa makusudi. Hospitali kubwa humwona mgonjwa ugonjwa ulipopamba moto, kisha humruhusu. Kituo cha karibu ndicho kinachobaki na familia mwaka hadi mwaka. Mara nyingi anayeuguza na anayeuguzwa wanatibiwa hapohapo. Muuguzi anayempima baba presha leo ndiye atakayenipima mimi siku nyingine, na hakuna mahali panapomwonyesha kwamba presha hizo mbili zinalala nyumba moja. Azimio la Alma-Ata la 1978, ambalo kazi yenu imejengwa juu yake, lilisema huduma hizi ni za watu binafsi na familia, tena kwa ushiriki wao kamili. Familia inashiriki, usiku na mchana. Kilichosahaulika ni kwamba nayo ina mahitaji.

Ukubwa wa kazi yenyewe mnaujua. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba watu hutumia saa bilioni 16.4 kila siku katika kazi ya matunzo isiyolipwa, ikiwemo kulea watoto na kazi za nyumbani, na wanawake hubeba zaidi ya robo tatu ya saa hizo. Kwa ugonjwa wa demensia peke yake, ule unaomnyang'anya mtu kumbukumbu na uwezo wa kujimudu, Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ndugu na marafiki hutumia wastani wa saa 5 kwa siku kumtunza na kumwangalia mgonjwa, na kwamba karibu nusu ya gharama yote ya ugonjwa huo duniani ni jasho lao. Bajeti zenu zinasimama kwa sababu watu hawa hawajaanguka.

Na wanaanguka. Mwaka 1999 Richard Schulz na Scott Beach wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa takriban miaka 4 wazee waliokuwa wakiishi na wenzi wao wa ndoa. Waliokuwa wakiwauguza wenzi wao huku wakilemewa walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 63 ile ya wasiouguza. Takwimu hiyo hunukuliwa sana. Sehemu yake ya pili husahauliwa: waliouguza bila kulemewa hawakuonekana kuwa na hatari hiyo. Kisha mwaka 2013 utafiti mwingine wa Marekani, ulioongozwa na David Roth, ulikuta kwamba wanaouguza ndugu zao, wakichukuliwa kwa ujumla, walikuwa na kiwango cha vifo kilicho chini kwa asilimia 18 kuliko watu waliofanana nao ambao hawakuuguza.

Tafadhali zisomeni tafiti hizo mbili pamoja, maana ndipo hoja yangu ilipo. Kuuguza si ugonjwa. Wako wanaouguza kwa miaka, wakapata katika kazi hiyo nguvu na maana ya maisha yao. Hao hawahitaji kuhurumiwa na wataudhika mkiwahurumia. Wako wengine wanaomalizika polepole. Wote wawili wanakaa kwenye benchi moja nje ya mlango wa daktari, wamevaa vizuri, wanatabasamu mgonjwa akitabasamu. Kwa kuwatazama hamwezi kujua yupi ni yupi. Lazima waulizwe.

Mwili huonyesha hata pale mdomo unaponyamaza. Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake walifanya utafiti mdogo lakini wa kushangaza: waliwafanyia kidonda kidogo cha makusudi mkononi wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza ndugu wenye demensia, na wengine 13 wasiouguza. Vidonda vya wanaouguza vilichelewa kupona kwa siku 9 hivi. Mhudumu anayemshangaa mama ambaye kidonda chake hakifungi, au ambaye presha yake haishuki licha ya dawa, angepata sehemu ya jibu kama angejua usiku wa mama huyo unavyokwenda.

Ugumu wa kwanza ni kwamba watu hawa hawajitangazi. Ukimwuliza mke kama yeye ni mtoa huduma, atakuambia hapana, ni mke wake tu. Binti atasema anamsaidia mama yake, kama mtoto yeyote. Bango ukutani linalosema "kama unauguza, tujulishe" litasomwa na wachache sana wenye kujiona humo. Kwa hiyo swali liulizwe kwa lugha ya kawaida, na liulizwe pande mbili. Kwa mgonjwa: nani anakusaidia kuoga, kula, kumeza dawa? Kwa kila mtu mzima anayekuja kwa shida zake mwenyewe: nyumbani kuna mtu unayemuuguza? Swali la pili ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo lingewanasa wengi, kwa sababu anayeuguza huja kituoni kwa maumivu ya mgongo, kukosa usingizi, kichwa kisichoacha kuuma, na hutoka na dawa za kutuliza maumivu bila yeyote kujua kwamba kila asubuhi anamnyanyua mtu mzima kutoka kitandani.

Ziko nyakati ambazo kutouliza ni kosa la kitaaluma: siku familia inapoambiwa jina la ugonjwa usiopona, wiki ya kwanza baada ya mgonjwa kuruhusiwa kutoka hospitali, mgonjwa anapoanza kushindwa jambo alilokuwa akilimudu, kama kwenda chooni mwenyewe, na pale anayeuguza anapoacha kuhudhuria kliniki yake mwenyewe. Hilo la mwisho kituo kinaliona kwenye daftari lake bila kuhitaji kifaa chochote kipya.

Tena aulizwe peke yake. Hili ningependa liandikwe kwa herufi nzito katika mwongozo wowote mtakaoutoa. Hakuna mtoto atakayesema "nimechoka" baba yake akiwa amekaa pembeni yake. Hakuna mke atakayesema kwamba mumewe, tangu akili ilipoanza kumpotea, amekuwa akimpiga. Ukimuuliza mbele ya mgonjwa, umeshamjibia: atasema anaendelea vizuri, mtamwamini, na mlango utafungwa. Dakika chache wakati mgonjwa anapopimwa damu zinatosha kumvuta kando.

Najua mtakaloambiwa hapa na wanasheria wenu: siri ya mgonjwa. Siri ya mgonjwa inamzuia mhudumu kusema, haimzuii kusikiliza. Anaweza kumsikiliza anayeuguza bila kutoa neno moja juu ya mgonjwa asiloruhusiwa kulitoa, na anaweza kumwomba mgonjwa mapema ruhusa ya kumshirikisha ndugu yake, akaiandika ruhusa hiyo. Ninaloliogopa mimi ni kinyume chake, na silioni likitajwa. Alichosema anayeuguza kikiandikwa kwenye faili la mgonjwa, mgonjwa ana haki ya kulisoma. Hebu fikirini baba anasoma kwamba binti yake alilia akisema hawezi tena. Maneno ya anayeuguza yaandikwe kwenye faili la anayeuguza. Kwenye faili la mgonjwa paandikwe jina lake, uhusiano wao na namna ya kumpata, basi. Hata katika orodha ya kimataifa ya magonjwa, ICD-10, ipo alama Z63.6, inayohusu kuwa na ndugu nyumbani anayehitaji kutunzwa. Nafasi ya kuandika ipo tayari, haitumiki.

Sasa aulizwe nini? Watu wakisikia mahitaji ya anayeuguza hufikiria kwanza faraja, mtu wa kumshika mkono na kumwambia pole. Pole ni nzuri. Kwa wengi wetu, hata hivyo, hitaji la kwanza ni ufundi. Tunafanya kazi ambayo muuguzi hufundishwa darasani na wodini, nasi tumeianza jioni moja bila kuonyeshwa. Nani alituonyesha namna ya kumgeuza mtu aliyepooza upande mmoja bila kumvuta bega lililolegea? Ukimvuta mkono huo unaweza kumtegua, na maumivu yake hayaishi upesi. Nani alituambia kwamba anayelala kutwa anahitaji kugeuzwa kila baada ya saa chache, kabla ngozi haijaanza kubadilika rangi kwenye nyonga, visigino na chini ya mgongo, kwa maana kidonda kikishafunguka hapo ni kazi ya miezi? Aliyepata kiharusi anaweza kupaliwa kwa maji matupu. Inabidi aketi wima, alishwe kidogokidogo upande wenye nguvu, akaguliwe mdomo baada ya kula, asilazwe papo hapo. Chakula kikiingia mapafuni humletea nimonia, na nimonia huwaua wengi waliopona kiharusi chenyewe. Nilijifunza mengi ya hayo kwa kuwauliza watu wengine waliokaa kwenye benchi lilelile. Muuguzi angenionyesha kwa mikono yake kabla baba hajamaliza kupimwa. Hakuna aliyeniuliza kama najua, nami sikujua kuwa ni haki yangu kuuliza.

Kuna kujua kinachokuja. Ugonjwa una hatua zake, na mhudumu anazijua. Anayeuguza anakutana na kila hatua kama mvamizi wa usiku. Mgonjwa wa demensia anayeanza kumtuhumu mkewe kwamba amemwibia si mtu mbaya, ni ugonjwa umefika hapo. Mke aliyeambiwa mapema ataumia, ila hatavunjika.

Kuna usingizi, ambao ndio hitaji linaloulizwa kwa nadra zaidi na linalobomoa haraka zaidi. Kuna kupumzika, yaani mtu mwingine anayeaminika kukaa na mgonjwa ili huyu aende kutibiwa jino lake. Kuna kazi inayopotea kwa kuomba ruhusa mara kwa mara, na fedha zinazoondoka pamoja nayo. Kuna upweke wa nyumba ambayo wageni wameacha kuja. Kuna hasira, na aibu ya kuwa na hasira kwa mtu unayempenda. Kuna ibada na imani, ambazo wengine hushikilia na wengine wamezipoteza humohumo. Mahitaji haya hayafanani nyumba na nyumba, wala mwezi na mwezi, ndiyo maana kumpa kila mtu kipeperushi kilekile ni kama kutompa kitu.

Vipimo vipo. Kile cha Zarit, kilichotolewa mwaka 1980 na chenye maswali 22 katika toleo linalotumika sana, hupima mzigo. Ni kizuri kwa kumjua aliye hatarini. Kasoro yake kwa kazi ninayoiomba ni kwamba kinakupa alama, na alama haisemi mtu anataka asaidiwe nini. Gunn Grande na Gail Ewing wa Uingereza walikuja na njia nyingine, fomu iitwayo CSNAT, iliyoanzia katika tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mwenye ugonjwa usiopona. Ilianza na maeneo 14. Mengine yanahusu anachohitaji ili amtunze mgonjwa vizuri; mengine anachohitaji yeye kama binadamu. Anajaza mwenyewe, anachagua yapi yana uzito sasa, kisha anazungumza na mhudumu juu ya hayo tu. Ilipojaribiwa na huduma za tiba shufaa za nyumbani katika jimbo la Western Australia, kulemewa kwa wanaouguza kulipungua. Kinachonivutia ni nani anachagua: anayeuguza ndiye anayesema kipi kianze. Wataalamu wanaweza kuona umaskini, yeye akawa anataka kwanza kujua namna ya kubadilisha mpira wa mkojo.

Sheria ya matunzo ya Uingereza ya mwaka 2014 inakwenda mbele zaidi kwa jambo moja ambalo ningewasihi mlichukue. Mamlaka ya eneo inapotathmini mahitaji ya anayeuguza, lazima iangalie kama ana uwezo wa kuendelea, na kama yuko tayari kuendelea. Yuko tayari! Hakuna aliyewahi kuwauliza hivyo wengi wetu. Ndugu wanakutana, macho yanamgeukia mmoja, kwa kawaida binti au mkwe, na imekwisha. Kuuliza si kumwalika akimbie. Wengi watajibu ndiyo, nami ningejibu ndiyo. Lakini anayesema ndiyo baada ya kuulizwa anasimama tofauti na aliyetwishwa, na anayesema "ndiyo, ila usiku siwezi" amewapa taarifa ya tiba iliyo muhimu kuliko vipimo vingi.

Kuhusu watoto nitasema machache, kwa uchungu. Katika nyumba nyingi anayempa mama dawa ni mtoto wa shule. Haji kituoni, au akija anaonekana kama aliyeletwa tu. Sheria ya Uskoti ya 2016 inawapa watoto wanaouguza haki ya kuwa na tamko lao wenyewe la mahitaji. Swali "nani anakusaidia nyumbani?" likijibiwa kwa jina la mtoto, lisiishie kuandikwa.

Najua mtasema hakuna muda. Ni kweli, na sidharau ukweli huo. Uchambuzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba katika nchi 18, zenye karibu nusu ya watu wote duniani, mgonjwa hukaa na daktari wa ngazi ya kwanza dakika 5 au chini ya hapo. Siombi dakika hizo zigawanywe tena. Kumtambua anayeuguza kunaweza kufanyika mapokezi, kwenye dirisha la dawa, au na mhudumu wa afya wa jamii anayefika nyumbani, ambaye kwa macho yake anaona kitanda, ngazi na choo. Fomu inaweza kujazwa kwenye benchi, ambako tunakaa muda mrefu bila la kufanya. Daktari aipokee ikiwa imejaa.

Pingamizi zito zaidi huwa halisemwi hadharani: tukiuliza, halafu hatuna cha kuwapa, je? Hofu hiyo ni ya watu wenye dhamiri, na naiheshimu. Lakini mengi tunayohitaji mnayo. Kuonyeshwa kumgeuza mgonjwa mnaweza. Kupanga kliniki ya baba na ya binti siku moja, saa zinazofuatana, mnaweza. Kuturuhusu tupite mapema pale mgonjwa hawezi kukaa, kutupa jina la mtu wa kumwuliza dawa zinapogongana, kutupima presha, kutuchanja kwa wakati, kutuunganisha na familia nyingine zenye ugonjwa uleule, yote mnaweza. Mengine yanazidi kituo: fedha, likizo ya kazi, mahali pa kumpumzisha mgonjwa kwa siku kadhaa. Hayo yaandikwe hata kama hayana jibu leo. Mahitaji yasiyoandikwa hayaingii kwenye bajeti ya mwaka ujao, kisha mnaambiwa hakuna anayeyahitaji.

Na hospitali zishikamane na vituo. Nchini Marekani, kuanzia Oklahoma mwaka 2014, majimbo mengi yamepitisha sheria inayoitaka hospitali iandike jina la ndugu atakayemtunza mgonjwa, imjulishe kabla ya kumruhusu, na imfundishe kazi atakazozifanya nyumbani. Jina hilo lifuatane na barua ya kumruhusu mgonjwa mpaka kituoni, ili kituo kimpigie simu anayeuguza ndani ya siku chache, kabla hajaanza kukata tamaa.

Mgonjwa anapofariki, faili lake hufungwa, na anayeuguza hutoweka siku hiyohiyo. Huyo ni mtu aliyelala kwa vipande kwa miaka, ambaye afya yake haikutazamwa, na ambaye sasa amefiwa. Aitwe. Mara moja katika wiki za mwanzo, na tena baadaye, pale waombolezaji wameshaondoka.

Haya yanahitaji maamuzi yenu matatu. Fomu ya kituo iwe na mahali pa jina la anayeuguza na pa mahitaji yake. Kila kituo kiwe na mtumishi mmoja, anayejulikana kwa jina, mwenye jukumu hilo ndani ya majukumu yake ya kazi na si kama hisani. Na idadi ya waliotambuliwa, waliosikilizwa na waliosaidiwa iwe miongoni mwa mambo mnayoyadai katika taarifa za vituo, kama mnavyodai idadi ya chanjo. Tafadhali tujulisheni, hadharani kama nilivyoandika hadharani, ni idara gani imekabidhiwa kazi hii na itaanza na vituo vipi.

Wasalaam,
Mtoto anayemuuguza baba yake